Kisu cha Nguruwe na Kisu cha Mbuzi

Kisu cha nguruwe mwitu hakichaguliwi kwa macho. Mtu akikusifia kisu kwa kung'aa na kwa mpini uliopakwa rangi, mwache aende nacho akamenyee ndizi. Maneno hayo si yangu, ni ya kaka yangu, na hata leo nikiyatamka naisikia sauti yake ikitangulia ya kwangu. Nina hamu naye. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nataka kumfundisha uwindaji.

Kwetu ni Old Moshi, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichotuachia baba. Lakini mahindi yetu yalikuwa chini, tambarare, upande wa kwenda Kahe, mwendo wa kutoka jua halijachomoza na kufika umande umeshakauka. Sisi watu wa mlimani ndivyo tulivyoyagawa maisha: juu tunalala, chini tunagombana na wanyama. Nguruwe walitoka kwenye matete ya mtoni mara mahindi yalipoanza kubeba. Nguruwe haibi kidogo akaondoka. Anaangusha shina zima, anatafuna nusu ya hindi, anahamia shina la pili, na akishiba anajilaza palepale katikati ya hasara yako. Wazee wengi wa kwetu hawakuwa watu wa nyama ya porini. Walisema mwenye ng'ombe ndani hana sababu ya kukimbizana na chakula. Sisi tulikimbizana nacho, tukakila, na wale waliotucheka walituma wake zao na sufuria.

Tuliwinda wawili, kaka na mimi, na mbwa wetu. Mbwa walimzingira mnyama, mkuki ukampunguza mbio, kisha kazi yenyewe ikaanza. Mimi nilimshika miguu ya nyuma na kumwinua. Kaka aliingia ubavuni na kisu, nyuma ya mguu wa mbele, pale ngozi ilipolegea. Nguruwe mwenye maumivu hugeuka, na meno anayo. Kumshika miguu ya nyuma ni kumwamini aliyeshika kisu kuliko unavyoiamini miguu yako mwenyewe. Kaka hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema tu, "Inua, mdogo wangu," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na mimi niliinua. Sijapata kuaminiana na mtu namna ile tena, hata katika ndoa, na mke wangu akisoma hapa atanisamehe.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, malori yalijaa Moshi, na kaka akateremka mjini kuyafuata. Alianza utingo, baadaye akawa dereva wa mfanyabiashara mmoja, akipeleka mizigo Sanya Juu na kurudi na maharage. Huko mjini akampenda binti wa fundi cherehani, nyumba ya Kiislamu ya watu waliochanganyika, baba mtu wa upande wa Tanga na mama Mpare. Akasilimu, akaoa. Mlimani watu walisema waliyoyasema, maana mdomo haulipiwi kodi. Mama yetu hakusema lolote juu ya dini. Aliuliza swali moja tu: "Sasa atakula wapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Nyumba yetu ilikuwa na kisu kimoja cha maana, na kisu hicho ndicho kilichommaliza nguruwe, kikamkata vipande, kikarudi jikoni kukata kila kilichohitaji kukatwa. Vyungu navyo ni vilevile. Kaka alipopanda kututembelea alikaa, akacheka nasi, akanywa maji kwa kikombe alichokuja nacho mfukoni, na kabla chungu hakijainjikwa alikuwa amekwisha kusimama kuaga. Mama alimsindikiza mpaka mwisho wa kihamba. Siku hizo hakula jioni.

Watu wa kwetu wanajuana kwa mnyama. Ndugu ni yule mnayechinja naye, mkagawana, kila mmoja na kipande chake kinachomjua. "Wasiokula mbuzi mmoja ni majirani," alisema mama. "Na mimi sikuzaa majirani." Alikuwa na beberu mmoja aliyekuwa akimnenepesha ndani ya nyumba, kama desturi ilivyo, akimkatia majani kwa mkono wake ingawa kifua kilikuwa kimeanza kumbana na kikapu cha majani kilimchosha. Beberu huyo, alisema, hatachinjwa mpaka wanawe wote wawili wamle pamoja, na yeye akiwaona kwa macho yake. Jirani mmoja akamchokoza kwamba asiyekuwepo na lake halipo. "La mwanangu lipo," mama alimjibu. "Lina miguu minne na limekula majani yangu mwaka mzima."

Basi msimu mmoja kisu chetu kikavunjika. Nilikuwa nimeshuka shambani na jirani huyohuyo, mtu mwema asiyejua kunyamaza, na nilipoingiza kisu ncha yake ilikatikia kwenye ubavu. Nguruwe aliondoka na ncha, akamrarua mbwa wetu mkubwa njiani. Mahindi yalikuwa bado mabichi na nguruwe walikuwa wengi, kwa hiyo kisu kilihitajika, hilo halina ubishi. Lakini visu viliuzwa hata huku juu. Niliteremka mjini kwa sababu nilimtaka kaka.

Nilimkuta nyumbani kwake, nyuma ya soko, amekaa barazani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Za mlimani? Mama?"

"Kifua bado kinamsumbua. Anakusalimu."

Mkewe alitoka na chai na maandazi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutompenda mwanamke yule, na kazi hiyo ilinishinda kwenye kikombe cha pili. "Shemeji, kula, njia ya kupanda ni ndefu," alisema, na akaniuliza habari za kifua cha mama kwa undani, wapi panabana, anakohoaje, mpaka nikaona aibu kwamba mimi niliyelala naye nyumba moja sikuwa na majibu. Nilimweleza kaka habari ya kisu.

"Kilikatikia wapi?"

"Kwenye ncha."

"Nilikuambia kile chuma kilichomwa kupita kiasi," akasema, na akasimama chai yake ikiwa bado inatoa moshi. Nilifurahi mno. Alikuwa amesimama kwa namna ya zamani.

Alinipeleka kwa mzee mmoja wa Kipare aliyefua visu kutokana na springi za malori mabovu ya jeshi. Mzee alitandaza visu vyake juu ya gunia. Mimi nilikiokota kirefu kimoja kilichonipendeza, na kaka akanipokonya na kukirudisha chini. "Hicho ni cha kutishia watu harusini. Kirefu hivyo, nguruwe akijigeuza kinakuvunja kifundo cha mkono."

Alikuwa akichagua kwa vidole na masikio. Kwanza alipitisha kidole gumba juu ya mgongo wa kila kisu, akaviweka kando vyote vilivyokuwa vyembamba. Kisha akatazama mwisho wa mpini, kuona kama chuma kimepita mpaka nje, maana kisu kilichochomekwa nusu tu ndani ya mti hubaki mwilini mwa mnyama na wewe unabaki na mti. Akatafuta kile kizuizi cha chuma kati ya mpini na makali. "Damu ikishalowanisha kiganja, mkono unateleza mbele. Bila hiki unajikata vidole mwenyewe, na nguruwe anakucheka." Mwishowe aliinamisha kichwa, akavigonga kwa ukucha kimoja kimoja, na kusikiliza. Kikilia muda mrefu, ni kigumu mno, kitakatika. Kikinyamaza mara moja, ni laini, kitapinda. Yeye alitaka cha katikati.

Alipokipata, alikishika, na mwili wake ukasahau ulikuwa wapi. Aliinama pale uani, mkono wa kushoto ukiwa juu ya ubavu ambao haukuwepo. "Hapa, unaona? Ukiingia hapa huhitaji nguvu. Wewe inua tu, mdogo wangu, inua, halafu..."

Mtu mmoja mwenye kofia ya msikitini alipita akatoa salamu, na kaka akaitikia salamu ile akiwa ameinama. Akajinyoosha. Alipangusa mpini wa kisu kwa upindo wa shati, ingawa ulikuwa safi, akanikabidhi. Nilimtazama usoni na nikajua kwamba hata yeye alikuwa na hamu na yale matete, na wale mbwa, na mimi. Nilitaka kumwambia arudi. Lakini mtu hamwambii dereva mwenye mke na dini yake arudi akashike nguruwe, kwa hiyo nilisema kisu ni kizuri.

"Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama," mzee wa Kipare akatutania. Kaka hakucheka. Aliinama tena kwenye gunia, akachukua kingine, chembamba, kilichonyooka, chenye makali marefu yasiyo na pengo hata moja. Alikijaribu kwa unywele wa mkono wake, na hicho akakilipia yeye.

"Hiki cha nini?" nikamwuliza.

"Cha mbuzi wa mama. Kisilale mahali pamoja na kile, kisikate kitu chochote mpaka nije. Kahawa ikishavunwa nitapata siku. Mwambie mama nitakuja nichinje mwenyewe."

Nilipanda mlima siku ile na visu viwili, kimoja kila upande wa kiuno, na moyo mwepesi. Nilimfikishia mama ujumbe. Na hapa ndipo panaponiuma, maana ujumbe niliufikisha sawasawa. Kaka alisema kwa Kiswahili, lakini mama Kiswahili chake kilikuwa cha kuamkiana na kununua chumvi, kwa hiyo nilimwambia kwa Kichagga, na kwa Kichagga chetu kuchinja ni kumwua mnyama ili aliwe, basi. Neno letu halina shingo wala kibla ndani yake. Mlimani mbuzi hakukatwa koo. Alibanwa pumzi mpaka akatulia, ili damu isimwagike, ikingwe bakulini, iende kwenye supu. Mchungaji aliikataza damu kanisani, na watu walimtii wakiwa kanisani. Mama alisikia kwamba mwanawe atakuja kuua mbuzi mwenyewe, akacheka, akasema mjini kumemfundisha unyenyekevu.

Kisu cha nguruwe nilikitumia wiki chache baadaye. Mbwa walimshika dume kubwa kwenye ukingo wa mfereji, jirani akashika miguu ya nyuma, nami nikaingia pale kaka aliponionyesha. Hakikukatika, hakikuteleza, na sikuhitaji nguvu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilipoinuka nikageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha. Jirani alikuwa anazungumza. Nilinawa mikono mferejini, na njia yote ya kurudi nilimjibu ndiyo, ndiyo, bila kumsikia.

Mama naye alijiandaa. Sijaona mtu akijiandaa vile hata kwa ajili ya askofu. Alikifunga kile kisu chembamba kwenye kitambaa cheupe na kukiweka kabatini, akakataza hata mimi nisikiguse. Alinunua chungu kipya na mwiko mpya. Alipanga mafiga mengine uani, mbali na yale ya zamani, mawe aliyoyaokota mwenyewe mtoni na kuyasugua kwa jivu, akipumzika kila baada ya jiwe. Alikuwa ameelewa kwamba nguruwe ndiye tatizo, na nguruwe alimfukuza katika kila kitu ambacho mwanawe angegusa. Hakuna kilichosahaulika ambacho yeye alikijua.

Kahawa ikavunwa. Siku ikafika. Niliteremka mpaka pale lori lilipomshusha kaka, nikapokea mfuko wake uliokuwa na mchele na dawa ya kifua kutoka kwa shemeji, tukaanza kupanda. Alitania kwamba tumbo limenitangulia. Alisimama kila penye kijito akanawa uso. Aliniuliza mbwa yupi yuko hai na yupi hayupo. Alikuwa amekunja mikono ya shati tangu chini, tayari kwa kazi.

"Kisu umekinoa?"

"Mama hataki nikiguse."

"Vizuri," akasema. "Nitakinoa mimi."

Tulipokaribia nyumbani tukasikia harufu ya manyoya yanayochomwa kwenye moto. Kaka alipunguza mwendo. Nilidhani amechoka.

Beberu alikuwa amelala juu ya majani ya migomba, amekwisha kuchunwa, na miguu yake iko motoni ikibabuliwa manyoya. Jirani alikuwa amechuchumaa kando na bakuli la damu, akiikoroga kwa kijiti isigande, na alitusalimu kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri. Kile kisu chembamba kilikuwa mkononi mwake. Mama alimpa kwa ajili ya kukata nyama, maana kilikuwa kisu cha mbuzi, na mbuzi ndiye huyu. Alitoka ndani akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Umechoka na safari," alimwambia kaka kwa Kichagga. "Mgeni hachinji. Nimekupunguzia kazi, mwanangu."

Kaka alimwamkia, akashika mikono yake yote miwili. Alimtazama mbuzi shingoni, pale palipokuwa pazima. Mimi nilifuata macho yake, na hapo ndipo nilipoelewa. Kwake mnyama yule alikuwa kibudu, sawa na mzoga uliookotwa njiani, hata kama hakuna nguruwe aliyewahi kupita karibu naye. Nilisubiri aseme. Angesemaje, na mama alikuwa anahema namna ile, na mafiga yale yalikuwa pale?

Jirani alitenga kidari, mama akakipokea juu ya jani na kumletea kaka. Inanipasa nieleze, maana vijana wa siku hizi wanakula nyama bila kujua wanakula nini. Kidari ni cha mkubwa wa nyumba. Baba alipofariki kilihamia kwa kaka, na kwa miaka ile yote aliyokuwa mjini mama hakumpa mtu mwingine. Tulipochinja, alikikausha juu ya moshi mpaka kikaharibika. Kukikataa ni kuikataa nyumba na waliozikwa kwenye kihamba chake. Kukipokea ni lazima ukionje wewe kwanza, ndipo wengine wale. Njia ya tatu ipo, lakini haichukuliwi na mtu aliye hai na mwenye afya: mkubwa anaweza kumpa mdogo wake. Akishampa, kimehama, na hakirudi tena.

Kaka alikipokea kwa mikono miwili. "Aika, mama," akashukuru, na sauti yake ilikuwa imara. Alisimama nacho kidogo. Kisha akageuka, akaniwekea mikononi.

Nilisema, "Kaka, hapana." Nilisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Yeye alikwisha kuachilia jani, na kama nisingelishika lingeanguka chini.

Mama alielewa kabla ya jirani. Alikaa kwenye kigoda, akapeleka mkono kifuani, na kwa muda mrefu alitazama mikono yangu na si uso wangu. Halafu akamwomba kaka amsaidie kuinuka. Wakaenda wawili kwenye yale mafiga mapya, akawasha moto, akaweka ndizi kwenye majivu. Wakakaa hapo wanazungumza taratibu, mama akizigeuza kwa vidole, akimmenyea mwanawe moja moja. Yeye mwenyewe alikula ndizi hizohizo, na nyama hakuigusa. Alionekana mwenye furaha, nami ningetoa chochote kukaa pale kwenye majivu pamoja nao. Lakini jirani na watu wake walikuwa wanasubiri, na mkubwa asipoonja hakuna anayekula. Nilionja.

Hatukupata mbuzi mwingine. Nilisema tutanenepesha wa pili, na kaka alisema atakuja, na shemeji alituma dawa nyingine. Mama alifariki kabla ya mahindi ya msimu uliofuata kubeba.

Tulimzika kihambani, karibu na baba. Kaka alikuja na mkewe, na jamaa za mkewe wakaja pia, wakakaa na sisi kwa heshima. Mchungaji alipomaliza sala, watu walingoja, maana udongo wa kwanza ni wa mkubwa wa nyumba. Nilingoja nami, kwa mazoea. Kisha nikahisi watu wote wananitazama, nikageuka kumtafuta kaka yangu. Alikuwa amesimama nyuma yangu, pale mahali pangu pa siku zote. Nikasogea pembeni kumpisha.

Alitikisa kichwa. Alinigusa mgongoni kwa kiganja, taratibu.

"Tangulia, kaka," akaniambia.

Nikainama, nikachukua udongo.